Vidole vya Wasio na Hatia



Usiku wa kuamkia 15 Mei 1948, mtoto wa kike asiyetimiza miaka 4 alichukuliwa kutoka wodi ya watoto ya hospitali moja mjini Blackburn, Uingereza, akauawa kikatili katika viwanja vyake. Chini ya kitanda chake ilikutwa chupa kubwa yenye alama za vidole. Hazikuwa za mfanyakazi yeyote, wala hazikuwamo katika kumbukumbu za wahalifu.

Ndipo polisi wakaamua kuchukua alama za vidole za kila mwanamume mwenye zaidi ya miaka 16 aliyekuwapo mjini usiku ule. Askari walipita nyumba kwa nyumba, na watu zaidi ya 46,000 wakanyoosha mikono. Mwishoni, daftari za mgawo wa chakula zilionyesha waliorukwa. Miongoni mwao alikuwamo Peter Griffiths, kijana wa miaka 22, aliyepata kuwa askari jeshini. Alama zake zililingana na zile za chupani. Alihukumiwa, akanyongwa Novemba mwaka uleule.

Wengi husifu hapa werevu wa wapelelezi. Sisi twaona kwamba sifa iwaendee pia wale maelfu wasio na hatia. Kila mmoja angeweza kusema, kama Kaini, kwamba yeye si mlinzi wa ndugu yake. Hawakusema hivyo, mtoto wa jirani aliwahusu.

Lakini walikubali kwa sababu waliahidiwa kwamba alama hizo zisingetumika kwa jambo jingine. Na ahadi ilitimizwa: kesi ilipokwisha, karatasi zile zilisagwa hadharani kiwandani, na waliotaka walirudishiwa zao.

Leo nasi twabonyeza vidole kwa ajili ya kitambulisho na laini ya simu, wala hatuulizi alama zetu zitakaa wapi na hadi lini. Si dhambi kuuliza. Anayedai imani ya watu hana budi kuilinda, na hilo latuhusu hata sisi mapadre tunaokabidhiwa habari za familia katika daftari za parokia.

Mwovu mmoja alipatikana kwa sababu wema wengi waliamini. Tukivunja ahadi tuliyowapa wema, siku mtoto mwingine atakapolilia haki, nani atatufungulia mlango?