Kijitabu Kisichojua Kiswahili

Nimechoka kusikia kwamba Kiswahili kimefika. Kila tunapokutana wanafunzi tunakumbushana kuwa Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, kwamba Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, na kwamba tarehe 7 Julai ni siku yake duniani. Tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Mimi nauliza swali dogo tu: je, kimefika ukutani kwetu?

Kwetu ni Buyenzi, hapa Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili hakikuletwa na azimio lolote. Tumezaliwa nacho. Kaka yangu mkubwa alirudi kutoka Dar es Salaam na runinga bapa ya inchi 43. Mama akataka itundikwe ukutani, kwa sababu wajukuu walikuwa wanaparamia kabati la ile ya zamani ya chogo. Mama hakukosea. Runinga bapa iliyosimama juu ya kabati huweza kumwangukia mtoto anayekwea droo. Akaitwa fundi, jirani yetu, mtu mzima wa kuheshimika.

Ndani ya boksi la braketi mlikuwa na kijitabu cha maelekezo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kichina. Kilinunuliwa Dar es Salaam, kimesomwa Buyenzi, na hakina hata neno moja la Kiswahili! Fundi alikigeuza mara mbili, akatazama michoro, akakirudisha. Mimi nilikuwa nimekaa palepale na daftari la fasihi. Ningeweza kumsomea. Nikanyamaza, nikijiambia kuwa fundi anajua kazi yake.

Usiku wa tatu runinga ilianguka. Skrubu zilitoka pamoja na plagi zake za plastiki na mabonge ya udongo. Ilitua juu ya mkeka ambao mtoto wa dada yangu alikuwa amelalia. Dada alikuwa amemchukua muda mfupi kabla ili akamnyonyeshe chumbani.

Asubuhi nikakisoma kijitabu. Kilisema wazi kuwa braketi ile ni ya ukuta wa zege au wa matofali imara. Ukuta wetu ni wa matofali mabichi, umepakwa lipu ya saruji. Lipu hudanganya: ukiigonga ni ngumu, lakini nyuma yake kuna udongo mkavu. Plagi hushika kwa kutanuka ndani ya tundu na kubana kuta zake. Udongo ukibanwa hupukutika. Kilisema pia kuwa mkono wa braketi ukivutwa mbele, skrubu za juu huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko runinga ikiwa imebana ukutani. Sisi tuliuvuta ili mama aone vizuri akiwa kwenye kiti chake. Na kilionya tusitoboe moja kwa moja juu wala chini ya soketi, kwa kuwa huenda waya umepita hapo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliutoboa ukuta wenyewe bila kuuliza umejengwa kwa nini.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema kosa ni la fundi. Sawa, lakini aliyekijua Kifaransa na akanyamaza ni nani? Wa pili atasema fundi ajifunze Kifaransa. Mbona hatumwambii Mfaransa ajifunze Kichina kabla ya kutundika runinga yake? Wa tatu, na huyu huwa mhadhiri, atasema Kiswahili bado hakina istilahi za kutosha. Mwalimu wangu, kwa heshima zote, nenda gereji yoyote ya Buyenzi ukasikilize. Istilahi zipo. Sisi ndio hatupo.

Tunaandika insha za kukisifu Kiswahili kwa Kiswahili, tunasomana wenyewe, tunapeana alama. Sijasema tuache ushairi. Nasema kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kabla ya kuhitimu, atafsiri maelekezo ya kitu kimoja kinachoweza kumdhuru mtu nyumbani: braketi, jiko la gesi, dawa ya mbu. Kisha asiyapeleke kwa mhadhiri peke yake. Ampelekee mtu wa kazi hiyo, ayasome, afuate hatua moja moja, tuone kama yanafanya kazi. Huo ndio mtihani.

Mimi nimeanza na ukurasa mmoja. Nimeandika: toboa kwanza tundu dogo pembeni, utazame vumbi linalotoka. Likibadilika baada ya lipu na kuwa udongo laini, usitundike. Weka runinga juu ya kabati fupi na uifunge kwa mkanda kwenye kitu kisichosogea. Ndivyo yetu ilivyo sasa, na kioo chake kipya kimemgharimu kaka pesa nyingi.

Nilimpelekea fundi ukurasa huo. Aliusoma polepole, akachukua kalamu yangu. Mahali nilipoandika "kifaa cha kuhakikishia ulalo sawia" alikata mstari, akaandika: pimamaji.