Baiskeli si Umaskini
Neno bodaboda lilizaliwa mpakani kwetu miaka ya 1960, baiskeli zilipobeba watu na mizigo kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Leo pikipiki zimetwaa jina na kazi, na vijana wanaona kupiga pedali ni umaskini. Sisi tunasema sivyo. Safari ya Busia hadi Tororo humfunza kijana subira: kuziba pancha, kupanda vilima, kugawana maji na wenzake. Mwamba wa Tororo ukionekana, uchovu hupungua. Kweli, malori yanatisha, wala hatuwalaumu wazazi wanaokataza. Basi waondoke baada ya swala ya alfajiri, wapite njia za vijijini, na mtu mzima aandamane nao.