Breki Kwanza, Rangi Baadaye



Katika maghala ya parokia, ya mashule na ya familia zetu huku mashariki mwa Kongo, pikipiki nyingi za zamani zimelala chini ya vumbi. Nyingine ziliwabeba makatekista na wauguzi kwenda vijijini. Nyingine ziliachwa na baba aliyezeeka. Siku hizi wapo vijana wanaozitoa nje, wanaozipangusa na kuanza kuzifufua wao wenyewe uani. Jambo hilo linatufurahisha, nasi tungependa lienee.

Lakini tunaona pia kwamba wengi huianzia kazi hiyo mwishoni. Rangi nyekundu hununuliwa kabla ya viatu vya breki. Taa za kumetameta hufungwa kabla ya nyaya kukaguliwa. Bomba la moshi hukatwa ili pikipiki ingurume, ilhali hakuna aliyeuliza kama gurudumu la nyuma limekaza. Maoni yetu ni haya: kufufua pikipiki ya zamani ni shule njema, na kuipamba ni haki ya yule aliyeifufua, lakini pambo linalotangulia matengenezo ni hatari kwa mwendeshaji, tena ni udanganyifu kwa yule anayempakia.

Neno udanganyifu ni zito, nasi tunalitumia kwa makusudi. Mtafakarini mama anayepanda taksi-moto na mtoto mgongoni. Hawezi kufungua gurudumu aone viatu vya breki vilivyomo ndani. Hawezi kupima mafuta ya injini. Anachoweza kukisoma ni sura ya chombo: kikiwa safi na kinang'aa, huamini kwamba kimetunzwa. Basi rangi ni kama ahadi aliyopewa mama huyo. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Yule anayepaka rangi juu ya fremu yenye ufa amempa ahadi ambayo chombo hakiwezi kuitimiza.

Kwanza tuseme kwa nini pikipiki hizo zinastahili jasho lenu. Yamaha AG 100, ambayo wazee wengi wa misioni wanaikumbuka, iliundwa kwa ajili ya mashamba: mnyororo wake umefunikwa wote ili tope lisiuguse, na ina vibebeo mbele na nyuma. Honda CG 125 ilitolewa mwaka 1976, ikikusudiwa hasa nchi ambamo barabara ni mbaya na matengenezo hucheleweshwa. Wahandisi wake walichagua injini rahisi, yenye vijiti vya kusukuma vali, ili iweze kustahimili na kurekebishwa kwa urahisi. Pikipiki nyingi za Kichina tunazoziona barabarani leo zimefuata mfano wa injini hiyo. Vyombo kama hivyo havihitaji kompyuta ili vieleweke. Mwenye funguo chache za fundi, bisibisi, koleo na uvumilivu anaweza kuvisoma kipande kwa kipande. Tena kijana anayefufua pikipiki ya nyumbani hana deni la kulipa kila jioni kwa mwenye chombo, kama wanavyolazimika kufanya wenzake wengi.

Sasa, mpangilio wa kazi. Sisi tuliozoea ubao na chaki tunajua kwamba mwanafunzi hasomi sentensi kabla ya kuzijua herufi. Vivyo hivyo pikipiki ioshwe kwanza, kisha itazamwe. Kila kipande kinachofunguliwa kichorwe au kipigwe picha, na bolti zake zitiwe katika kopo lake zikiwa na jina. Fremu ichunguzwe polepole kwenye maungio yake, hasa shingoni, pale inapopokea usukani, kwa maana huko ndiko nyufa hupenda kuanzia. Ufa huonekana katika chuma kilicho wazi. Chini ya rangi mpya hauonekani tena mpaka siku ya kukatika. Hiyo peke yake ingetosha kuiweka rangi mwishoni.

Baada ya fremu zifuate breki na magurudumu. Atokaye Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya Ngomo anajua mteremko ni nini. Nanyi mfahamu jambo ambalo wengi hawaambiwi: injini ya mipigo miwili, kama ile ya AG 100, haisaidii sana kuzuia mwendo mteremkoni ukiachia esansi. Injini ya mipigo minne huvuta nyuma kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo katika zile pikipiki za zamani mzigo wote wa kusimama huangukia viatu vya breki, navyo baada ya miaka ya kulala huwa vimekauka, vimekuwa kama kioo au vimebanduka. Vibadilishwe. Waya wa breki ulioanza kuchanua ncha zake usifungwe fundo, nao ubadilishwe. Vumbi lililomo ndani ya ngoma ya breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwa sababu viatu vya zamani vilitengenezwa mara nyingi kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Matairi nayo yana umri wake. Tairi lenye meno marefu linaweza kuwa limekufa, mpira ukiwa umekauka na kupasuka pembeni. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza zataja juma, mbili za mwisho zataja mwaka. Muuzaji wa matairi yaliyotumika akikuapia kwamba ni mapya, inama usome.

Ndipo injini ije. Injini ya mipigo miwili hupata mafuta yake pamoja na esansi. Tangu mwaka 1964 Yamaha ilianza kuweka pampu inayopeleka mafuta hayo yenyewe, ikaiita Autolube. Pikipiki ikikaa miaka, mpira wa mafuta hupasuka na hewa huingia ndani yake. Anayewasha injini bila kuitoa hewa hiyo, au bila kuhakikisha kwamba pampu inafanya kazi, ataiona pistoni ikikwama ndani ya silinda. Jambo hilo likitukia katika mwendo, gurudumu la nyuma linaweza kufunga ghafla. Tangi la esansi lililoota kutu huoshwa kwa siki na mchanga mwembamba, likasuuzwa na kukaushwa, mbali na jiko na mbali na watoto. Tena lisichomelewe kamwe likiwa na mvuke wa esansi ndani. Tangi lisilo na hata tone moja laweza bado kulipuka.

Wengine watasema: kazi hizi ni za fundi, kwa nini tujichoshe? Hatuwadharau mafundi. Kuchonga silinda, kuchomelea fremu na kunyoosha rimu ni kazi zao, nanyi mzipeleke kwao. Lakini kijana aliyekwisha kuifungua pikipiki yake kwa mikono yake humwendea fundi akijua anachokiomba, na akirudishiwa chombo anajua kama kazi imefanyika. Usione vyaelea, vimeundwa. Aliyeunda hadanganyiki kwa urahisi.

Tuje sasa kwenye kupamba na kugeuza, maana hatutaki kuonekana kama wazee wanaochukia rangi. Kugeuza chombo ni kazi ya heshima inapojibu haja. Mwaka 1946, Japani ikiwa imetoka vitani na watu wakikosa usafiri, Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizokuwa zikizalisha umeme kwa redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli mjini Hamamatsu. Zilipomwishia akaunda injini yake mwenyewe, na mwaka 1948 akaanzisha kampuni inayojulikana leo ulimwenguni kote. Huko Uingereza, vijana wa miaka ya 1950 na 1960 walitia injini ya Triumph katika fremu ya Norton, wakaita pikipiki hiyo Triton: ya kwanza walisifu nguvu zake, ya pili walisifu jinsi inavyotulia kwenye kona. Hawakubadili ili waonekane tu. Waliunganisha wema wa pande mbili.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Itazameni chukudu ya Goma. Ni mbao, ni magurudumu ya mti yaliyovikwa mpira, nayo hubeba magunia ya viazi na makaa kutoka milimani. Breki yake ni kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Mji wa Goma uliiona kuwa nzuri hata ukaisimamishia sanamu. Lakini hakuna aliyeanza kwa kutafuta uzuri. Kila kipande cha chukudu kina kazi, na uzuri ukafuata.

Kwa kipimo hicho tuyapime mageuzi tunayoyaona. Kibebeo kirefu nyuma kwa ajili ya magunia: je, kinajibu haja? Ndiyo, lakini mzigo ukiwekwa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, huinua upande wa mbele, na usukani huwa mwepesi mno mlimani. Basi kibebeo kiletwe karibu na kiti, na uzito ukae chini. Taa nyingi za rangi: pikipiki nyingi za zamani zina umeme wa volti 6 tu, na kila taa ya urembo hula mwanga wa taa kubwa ya mbele, ile inayowaonyesha mashimo usiku. Kuondoa vioo na vizuia tope ili chombo kionekane chepesi: tope litawarukia wanaofuata nyuma, nanyi hamtamwona anayetaka kuwapita.

Bomba la moshi lililokatwa tunalitaja peke yake, kwa kuwa ndilo linalopendwa zaidi. Wengi huamini kwamba kelele ni nguvu. Katika injini ya mipigo miwili ni kinyume chake: bomba limepimwa umbo na urefu wake ili mawimbi ya moshi yarudishe ndani ya silinda hewa mbichi inayotaka kutoroka. Likikatwa ovyo, injini hupoteza nguvu na hula esansi zaidi. Kijana hupata kelele kwa kulipa nguvu. Nao wagonjwa, watoto waliolala na mwalimu aliyeko darasani hulipa pia, bila kuulizwa.

Liko jambo moja zaidi, nalo linahusu uaminifu. Pikipiki ya zamani hudai vipuri, na vipuri vya bei rahisi sana huwa na historia. Karibureta inayouzwa gizani kwa nusu ya bei huenda iling'olewa jana katika pikipiki ya kijana mwingine, ambaye leo hana kazi. Anayeinunua anamlipa mwizi mshahara wa juma lijalo. Ulizeni kipuri kimetoka wapi, na ombeni risiti. Namba iliyopigwa kwenye fremu isikwanguliwe kwa sababu yoyote. Na injini ikibadilishwe, hati zirekebishwe. Chombo kisichoweza kueleza asili yake kitawatia aibu mbele ya polisi, hata kama nyinyi ni watu wema.

Tunapendekeza basi kwa kila kikundi cha vijana parokiani: tafuteni pikipiki moja ya zamani, kwa ruhusa ya mwenyewe na kwa hati zake. Igawanyeni kazi baina ya wavulana na wasichana, kwa maana mikono inayorekebisha karibureta haiulizwi jinsia. Wekeni daftari moja: tarehe, kipande kilichofunguliwa, kilichokutwa, kilichonunuliwa na bei yake, jina la aliyefanya. Fundi mmoja mzee aje mara moja kwa juma kukagua. Siku breki zitakapokamilika, zijaribiwe kwanza kwenye uwanja tambarare, kisha kwenye mteremko mfupi, kofia ngumu ikiwa kichwani, bila abiria.

Baada ya hapo kaeni pamoja mchague rangi. Pakeni nyekundu, pakeni kijani, chorameni jina la kikundi kwenye tangi. Hakuna atakayewazuia, nasi tutakuja kuishangilia. Na yule mama mwenye mtoto mgongoni, akiitazama pikipiki hiyo na kuona kwamba inang'aa, atakuwa ameona kweli.