Kijia Nacho ni Mali ya Umma

Kiswahili kina majina mengi ya mahali pa kupita. Barabara ni pana na hubeba magari. Kichochoro hujipenyeza baina ya nyumba na nyumba. Kijia ni chembamba, nacho hufunguliwa na nyayo za watu, bila mhandisi wala tingatinga. Jina linalozikusanya zote ni njia, ambalo ni ndugu wa damu wa neno inzira la Kirundi. Leo nataka tulitafakari hilo dogo kuliko yote, yaani kijia, kwa sababu naamini kwamba tunakidharau, na kwamba dharau hiyo inatugharimu sisi wakazi wa Ngagara na wa Bujumbura nzima.

Tazama jinsi mji wetu ulivyokaa. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mashariki inasimama milima ya Mumirwa, na nyuma yake Mlima Heha, kilele cha juu kuliko vyote nchini Burundi, unaopita mita 2,600. Sisi tumebanwa katikati, kwenye uwanda wa Imbo. Kwa hiyo kila kitokacho milimani, kiwe ndizi, maharagwe, mkaa au maji ya mvua, hupita kwetu kabla ya kufika ziwani.

Ni nani hasa huvitumia vijia vya milima hiyo? Wengi hudhani ni watalii na mabegi yao ya mgongoni. Watalii wapo, na tunawakaribisha. Lakini kabla ya mtalii kuamka, mama kutoka Isale amekwisha kuteremka na kikapu kichwani akiwahi soko. Mwanafunzi anapanda na kushuka kila siku ya masomo. Mgonjwa hubebwa kwenye machela mpaka pale gari linapoweza kufika. Mwisho wa juma, vijana wa mjini hukimbia kuelekea Kiriri na Vugizo, kilima alikozikwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Hao wote ni raia, na kijia ndicho huduma ya umma wanayoitumia pasipo kuulizwa nauli.

Huduma hiyo inaharibika kwa namna tatu. Ya kwanza ni maji. Kijia kinachoshuka mlima moja kwa moja hugeuka mfereji mvua inaponyesha. Maji hukimbia, huchimba, hubeba udongo, na baada ya misimu michache mahali pa mguu panakuwa korongo. Udongo ule huishia katika mito kama Ntahangwa, inayokata jiji letu, kisha ziwani, ambako hufunika mawe ambamo samaki wengi hutaga na kujificha. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mafuriko yalishuka juu ya vitongoji vya kaskazini, vikiwemo Kamenge, Kinama na Buterere, na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba vijia ndivyo vilivyoleta msiba huo. Nasema kwamba mlima usiotunzwa haukai na madhara yake juu. Huyateremsha kwa jirani wa chini.

Namna ya pili ni ua. Kiwanja kinauzwa, ukuta unajengwa, na njia iliyopitwa na vizazi vitatu inafungwa kwa siku moja. Hakuna anayeshtaki, kwa kuwa haimo katika ramani yoyote ambayo mpitaji anaweza kuionyesha. Namna ya tatu iko ufukweni. Sheria ya maji ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika usiojengwa, ili ziwa lilindwe. Tembea ufukweni ujionee mwenyewe ni mara ngapi utasimamishwa na ukuta. Ukanda huo haukuwekwa kwa ajili ya matembezi, ni kweli. Lakini mpaka unaopitwa na watu kila siku ni mgumu kuibwa. Palipo na wapitaji pana mashahidi.

Labda utaniambia: nchi hii ni ndogo, watu ni wengi, na shamba la mtu ndilo chakula chake, je, mkulima aache mimea yake ikanyagwe? Swali hili ni la haki, na anayelipuuza hafai kusikilizwa. Jibu langu ni kwamba njia inayojulikana hukanyaga kidogo kuliko njia isiyojulikana. Kijia kilicho na mpaka huwazuia watu wasijifungulie vingine vitano katikati ya maharagwe. Haki ya kupita haiji peke yake. Huja na wajibu wa kutoacha taka, kutogusa mazao na kutopita palipopandwa.

Uskoti, nchi ya milima na ya maziwa marefu yaliyounganika na bahari, ililitatua jambo hili kwa sheria ya mwaka 2003. Kila mtu alipewa haki ya kupita kwa miguu katika sehemu kubwa ya ardhi na maji, kwa sharti la kupita kiungwana, na serikali za mitaa zikaagizwa kuandaa orodha ya njia kuu za miguu. Sipendekezi tuige neno kwa neno, kwani ardhi yao si yetu. Lakini orodha haihitaji utajiri. Inahitaji mtu wa kuandika.

Tena tuna sababu ya kuona aibu kidogo. Kule Mugere, kusini mwa jiji, liko jiwe linalokumbusha kwamba Livingstone, mzaliwa wa Uskoti, na Stanley walifika hapo tarehe 25 Novemba 1871. Katika safari hiyo walithibitisha kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Wenyeji wa kaskazini mwa ziwa walilijua hilo kabla ya mgeni yeyote kuuliza. Wageni wawili waliopita mara moja wana jiwe. Mamia ya maelfu wanaopita kila mwaka katika vijia vyetu hawana hata kibao cha mbao.

Tufanye nini basi? Jumamosi asubuhi tunayo desturi ya kazi za pamoja. Tuombe baadhi ya Jumamosi hizo ziende kwenye vijia. Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza: laza mstari wa mawe au gogo kwa mshazari juu ya njia, ili maji yatoke pembeni kabla hayajapata kasi, panda nyasi zenye mizizi mirefu ukingoni, na palipo na mteremko mkali, pindisha njia badala ya kuishusha wima. Mwezi Agosti, kabla mvua hazijarudi, ndio wakati wake. Pili, kila mtaa na kila kilima viandike vijia vyake. Kumbuka kwamba hapa Burundi kilima si umbo la ardhi tu. Ni ngazi ya utawala yenye baraza lililochaguliwa na wananchi. Baraza hilo likiiandika njia, njia imepata wakili.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika milima yetu ufa huanza na unyayo mmoja uliojaa maji.

Zoezi la wiki hii, kwa hiyo, ni la miguu na kalamu. Chagua kijia kimoja unachokijua, kiwe cha Ngagara kuelekea mtoni au cha kijijini kwenu. Muulize mzee jina lake, nani alikuwa akikipita, na wapi kimezibwa. Andika aya mbili kwa Kiswahili sanifu, ukitofautisha vizuri njia, kijia na kichochoro. Kisha nakala moja mletee mwalimu wako, na nyingine mpelekee mkuu wa mtaa.