Mwenye Kutupa na Mwenye Kuokota

Katika miji yetu ya Korogwe na Handeni iko hukumu iliyokwisha kupitishwa pasipo baraza wala shahidi. Mtu mwenye maradhi ya kudumu akionekana anaokota watoto wa paka jaani na kwenda kuwalisha kwake, huambiwa akili yake imepungua. Akiwa ni mwanamke mzee aishiye peke yake, huambiwa maneno mabaya kuliko hayo. Ajabu ya hukumu hii ni kwamba mtu aliyewatia paka wale katika kiroba na kuwabwaga usiku nyuma ya soko hana aliyemwuliza neno. Mwenye kutupa amelala usingizi wake. Mwenye kuokota amesimamishwa kizimbani. Nia ya makala haya ni kuwabadilishia mahali.

Kwanza na tuitazame asili ya jambo. Korogwe ni mji wa njia. Reli ya kutoka Tanga iliufikia mwaka 1902, na barabara kuu ya kaskazini hupita hapo hata leo. Penye wasafiri pana wapishi, wachinjaji na wauza samaki, na penye hao hapakosi jaa. Handeni, kilomita 65 hivi kutoka Korogwe, ni nchi ya mahindi. Na mahindi yakiingia ghalani panya huyafuata. Katika miji yote miwili, basi, paka ni kiumbe atakiwaye. Huombwa kwa jirani msimu wa mavuno, hupewa pembe ya jikoni, husifiwa kwa kila panya amkamataye. Lakini akiwa ni jike, siku azaapo sifa zake hukoma. Watoto hutupwa, na mara nyingine mama yao hutupwa pamoja nao. Wahenga walinena kwamba paka wa nyumba haingwa. Sisi twamwinga paka wa nyumba, kisha twamlaumu kwa kuwa hana nyumba.

Watu hujitetea wakisema, "Yule ni shume, mwituni ndiko kwao." Si kweli. Paka wa porini yupo katika nchi yetu, na ni mnyama wa pori kwa haki yake, asiye na haja na jiko la mtu. Shume wa sokoni ni mwingine kabisa. Ni mtoto au mjukuu wa paka wa nyumbani aliyetupwa. Urafiki wa paka na binadamu ni wa kale sana. Katika kisiwa cha Kupro lilichimbuliwa kaburi la mtu aliyezikwa na paka kando yake yapata miaka 9,500 iliyopita. Mnyama aliyekaa nasi muda huo hawi wa porini kwa kutupwa usiku mmoja. Huwa mwenye njaa, mwenye hofu na mwenye kuzaa. Na katika hayo matatu, la mwisho ndilo linaloturudia.

Hesabu yake si ngumu. Paka jike aweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi mitano au sita, na pengine mapema zaidi. Huchukua mimba siku 65 hivi, huzaa watoto watatu hadi watano, na aghalabu huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Akizaa mara mbili, wanne kwa wanne, hao ni wanane. Na majike miongoni mwao hawatangoja mwaka wa pili kuisha kabla ya kuwa mama. Wengi hufa kwa njaa, kwa magurudumu na kwa mawe ya watoto. Lakini wabakiao hutosha kulijaza soko. Basi atupaye paka hakupunguza paka. Ameuhamisha mzigo kutoka jikoni kwake na kuutua mlangoni kwa mwenziwe. Na kwa kuwa watu wazima wenye afya hupita wakitazama pembeni, mzigo huo huangukia mikono ya yule asiyeweza kupita bila kuinama, ambaye mara nyingi ndiye mwenye nguvu chache.

Sasa na tuyasikilize mashtaka juu ya mtu huyo. La kwanza ni la fedha. Husemwa, "Fedha ya dawa yaishia kwa paka." Nasema haya si kwa kusikia. Nina kisukari, na nyumbani kwangu Korogwe wako paka wanne walioletwa na jaa. Chakula chao ni vichwa vya samaki, ukoko wa ugali na dagaa wa bei ndogo. Sikatai kwamba hiyo ni gharama. Lakini naona kwamba jirani atumiaye zaidi ya hayo kwa sigara hahesabiwi, wala hahesabiwi akopaye ili ajionyeshe katika harusi ya mtu mwingine. Kwa nini daftari hufunguliwa kwa mgonjwa peke yake?

Jawabu ni chungu, na ndilo kiini cha maneno yangu. Jamii imempangia mgonjwa wa kudumu kazi moja tu, nayo ni kupokea. Apokee pole, apokee ushauri, apokee uji, na ashukuru. Mwenye kisukari, mwenye pumu, mwenye selimundu, mwenye virusi vya Ukimwi, wote huvikwa vazi hilo moja. Siku mmoja wao atoapo kitu, hata kama ni maji katika kifuu cha nazi kwa kiumbe kilichokauka koo, watu hushtuka kana kwamba mdaiwa ameonekana akigawa mali ya mdai wake. Walakini maradhi ya kudumu hayamwondoi mtu katika ubinadamu wake. Mwili uliopungua nguvu haukupungukiwa na wajibu wa kutenda mema, wala haukupokonywa furaha yake. Mtu aliyekwisha kujifunza kudunga sindano kwa saa, kupima chakula kwa kipimo na kuosha kidonda kila asubuhi amesomea utunzaji kuliko wengi wenye afya. Kama elimu hiyo yamtosha yeye na paka wanne, ni nani aliyempa jirani idhini ya kuikataza?

Shtaka la pili ni la maradhi, na hili halistahili kujibiwa kwa hasira, maana ndani yake mna ukweli. Paka aweza kubeba kijidudu kiitwacho toksoplasma, ambacho ni hatari kwa mimba na kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika. Lakini mayai ya kijidudu hicho, yatokayo katika kinyesi cha paka, huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Kinyesi kikiondolewa kila siku, tena na mtu asiye mjamzito wala mdhaifu wa kinga, hatari hupungua sana. Tena kijidudu hicho huingia pia kwa nyama isiyoiva na kwa mboga zisizooshwa. Na hao wanaomwogopa paka sijawaona wakiuogopa mshikaki mbichi. Mwenye pumu ajue kwamba kimdhuruo hutoka katika mate na ngozi ya paka, na huruka pamoja na manyoya. Kwa hiyo paka asilale chumbani mwake. Mwenye kisukari asidharau mkwaruzo, kwa kuwa jeraha dogo kwake laweza kuwa kubwa. Na kila aumwaye na paka, awe mzima au mgonjwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile aulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Kichaa hicho, kikikwisha kuonyesha dalili kwa mtu, huua, na paka huweza kukibeba kama mbwa.

Hali kadhalika wako wasemao kwamba paka hutukinga na tauni kwa sababu hula panya. Maneno hayo nayo yataka kupimwa. Wilaya ya Lushoto, milimani juu ya Mombo, iliteswa na tauni tangu mwaka 1980 hadi miaka ya 2000. Maradhi yale huchukuliwa na viroboto wa panya, na paka alaye panya mgonjwa aweza kuugua na hata kumwambukiza mwenyeji wake. Paka si dawa ya kunywa. Ni msaidizi ahitajiye kutazamwa. Lakini tazama jinsi ukweli wote huu unavyomwelekea mtu mmoja. Paka wa hatari ni yule asiyechanjwa, asiyejulikana, alaye mizoga na alalaye popote. Nani aliyemfanya awe hivyo? Aliyemwokota au aliyemtupa? Kama twaogopa maradhi kwa kweli, basi aokotaye, aoshaye na achanjishaye ni mtumishi wa afya ya mji asiyelipwa mshahara.

Shtaka la tatu ni la uchawi, nami sitalipa nafasi kubwa kuliko listahiliyo. Waislamu wa Korogwe na Handeni wanayo hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie riziki. Tena wanajua kwamba mmoja wa masahaba wakubwa aliitwa Abu Huraira, yaani baba wa kipaka, na jina hilo halikumwaibisha. Wakristo nao wanacho kitabu cha Mithali, kimpimacho mwenye haki hata kwa jinsi anavyomtazama mnyama wake. Basi mtu akisema kwamba kumlisha paka mweusi ni dalili ya uwanga, na atuonyeshe alipolisoma neno hilo, maana katika dini zetu halimo.

Na asiyetaka ushahidi wa dini atazame Morogoro. Huko, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, panya buku hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Mmoja wao, aitwaye Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alitumwa Kambodia, akagundua mabomu na baruti zaidi ya mia moja, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Panya! Mnyama tunayemnunulia sumu! Thamani yake ilionekana siku alipopata mtu wa kumtunza kwa akili. Sidai nishani kwa paka wa Korogwe. Nadai akili hiyo hiyo.

Maana huruma peke yake haitoshi, na hapa nawageukia wenzangu waokotao. Huruma isiyo na hesabu huishia katika ukatili. Mtu akiokota wanne akashindwa, akaokota ishirini, hakuwaokoa; amelihamisha jaa na kulileta nyumbani, na majirani watakuwa na haki ya kulalamika juu ya harufu na kelele. Kwa mgonjwa hatari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu iko siku asiyoichagua ambayo atalazwa wodini. Siku hiyo paka watamgoja nani? Basi kanuni zangu ni tatu. Usizidishe idadi unayoweza kuilisha katika wiki yako mbaya kabisa. Wiki njema isikudanganye. Usimlishe paka mwaka mzima pasipo kutafuta njia ya kumfunga kizazi, kwa maana mkono ulishao bila kuhasi huandaa karamu ya wenye njaa wa kesho. Na kabla ya kumwingiza paka ndani, mtaje mtu mmoja aliyekubali kwa kinywa chake kuwatunza siku utakapolazwa. Ukimkosa mtu huyo, bado waweza kutenda jema: mpeleke paka akachanjwe, au umtafutie mwenye ghala ahitajiye mkamata panya.

Lakini nguvu za mgonjwa mmoja mmoja haziwezi kuwa sera ya mji. Bunge lilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, yenye kukataza ukatili. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya ng'ombe na punda peke yao. Wataalamu wa mifugo wapo katika halmashauri zetu. Wanajua kuhasi, na wanajua kuchanja. Kila tarehe 28 Septemba dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa, na mashirika makubwa ya dunia yameweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030 asife tena mtu kwa kichaa kitokanacho na mbwa. Katika kampeni za namna hiyo na wachukuliwe paka pia, wasihesabiwe kama kivuli cha mbwa. Zanzibar na Lamu, jumuiya za kutunza wanyama zimekuwa zikiwahasi paka wa mitaani na kuwatibu, kisha wakarudishwa mitaani mwao. Miji ile haikuwa na fedha za ajabu. Ilikuwa na watu waliokubali kwamba paka wa mtaa ni wa mtaa.

Neno hilo ndilo nilitakalo Korogwe na Handeni. Wenye ghala na wenye mikahawa, ambao faida yao hulindwa na paka, wachange gharama ya kuwahasi. Mwenyekiti wa mtaa aulizaye habari za mgeni aliyelala kwa fulani aulize pia ni nani aliyebwaga kiroba nyuma ya soko. Na mzazi amwambiaye mtoto wake, "Katupe hawa," ajue kwamba amemfundisha somo ambalo halitaishia kwa paka: kwamba kiumbe kikichosha hutupwa, na kwamba kutupa si kosa ikiwa ni usiku. Mzazi huyo naye atazeeka, na yumkini atapata maradhi yasiyopona. Siku hiyo atatamani mwanawe awe amelelewa na mwenye kuokota.