Mfadhili amsikilize fundi wa kijiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kero ya wafadhili na wanaotekeleza miradi yao.

Kijijini kwetu kuna pampu ya mkono iliyoletwa na mradi wa msaada. Ilizinduliwa kwa ngoma na pilau, mgeni rasmi akajaza ndoo ya kwanza. Fundi wa kijiji alikuwa ameshauri mapema ichukuliwe aina ambayo vipuri vyake vinauzwa mjini. Akajibiwa kuwa mkataba umeshasainiwa. Raba ya ndani ilipolika, maduka yote ya vifaa hayakuwa nayo. Shirika lililotekeleza mradi liliomba kubadili bajeti ili linunue pampu nyingine. Idhini ya mfadhili kutoka ng'ambo ilifika mradi umeshafungwa. Sasa mbuzi wanajikuna kwenye mpini, na akina mama wamerudi mtoni.

Wala si jambo geni. Mwaka 1995 jopo la Profesa Gerald Helleiner wa Kanada lilieleza jinsi wafadhili walivyoshika usukani wa maendeleo ya Tanzania. Mwaka 2005 likaja Azimio la Paris: nchi inayosaidiwa ndiyo ipange vipaumbele, na wafadhili wafuate.

Maneno mazuri, lakini mtekelezaji bado anamwandikia mfadhili ripoti ndefu, na mwanakijiji hasomewi hata ukurasa mmoja.

Wahusika wa maji wilayani watujibu: nani atanunua kipuri hicho? Na wafadhili, kabla ya kusaini, wakae na kamati ya maji ya kijiji.

Msomaji wako,
Dodoma