Umeme Usiojificha

Viwanda vya Chicago vilipoanza, katika miaka ya 1970, kutia kompyuta ndogo ndani ya mashine za pinboli, yaani za mchezo wa kupiga mpira wa chuma ugonge shabaha za alama, iliondoka sokoni aina ya mashine ambayo kwa rai yangu ilistahili kuingizwa darasani siku ile ile. Kwani katika pinboli za kale, zilizoendeshwa kwa rilei (swichi zivutwazo kwa sumaku ya umeme), mota na swichi za vipande vya chuma, hapana hukumu hata moja iliyopitishwa kwa siri, bali kila moja ilionekana kwa macho na kusikika kwa masikio.

Natuchukue mpira wa chuma uliogonga shabaha ya alama 50. Mguso wenyewe ni wa kufumba na kufumbua, ilhali kuhesabu kwahitaji muda, na hapo ndipo ilipo hikima ya waliobuni: rilei ya alama 50, ikisha kuvutwa na koili yake, huunganisha pia swichi yake yenyewe ya kujishikilia, hata mpira ukienda zake umeme huendelea kupita na rilei hubaki imenasa. Mota ya hesabu huanza kuzunguka, na katika mhimili wake mna visahani vyenye meno, kila kisahani kikiamrisha swichi zake kwa zamu yake; swichi mojawapo hutoa mapigo matano, na kila pigo husogeza gurudumu la tarakimu za makumi hatua moja na kuliza kengele. Likiisha pigo la tano, swichi nyingine ya mota hukata ile njia ya kujishikilia, rilei huachia, na mota husimama ifikapo kituoni. Gurudumu nalo likiwa kwenye 9 hugusa swichi iliyotegwa hapo, ili pigo lifuatalo lisogeze na gurudumu la mamia.

Lakini linalonistaajabisha kupita yote ni namna mchezo mpya unavyoanzishwa. Mashine haina kumbukumbu ya mahali liliposimama kila gurudumu, wala haina haja nayo: mota hutoa mapigo tu, na kila gurudumu lifikapo sifuri hujikatia umeme lenyewe kwa swichi yake, mpaka yote yakatulia.

Wako watakaosema kwamba maarifa haya yamepitwa na wakati, na tena yanahusu mchezo ambao jiji la New York liliuharamisha mpaka 1976 kwa kuuhesabu kuwa kamari. Hasha! Fundi afungaye pampu ya maji leo, ambayo mtu huiwasha kwa kubonyeza kitufe na kukiachia nayo ikaendelea kufanya kazi, atumia njia ile ile ya kujishikilia, ila rilei yake ni kubwa zaidi na aghalabu huiita kontakta. Naye asipoijua barabara, siku pampu itakapokataa kuzima hatajua aanzie wapi.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa vyuo vya ufundi: kabla ya kumkabidhi mwanafunzi kidhibiti cha kompyuta ambacho ndani yake haoni kitu, mpeni rilei chache, mota ndogo, kisahani chenye meno na kengele, kisha mwambieni aitengeneze kengele ilie mara tano, si nne wala sita, kwa kubonyeza kitufe mara moja tu.